Earle MacPherson, mzee aliyejificha kwenye miguu ya Corolla zetu

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, nizungumzie shokapu. Msicheke. Habari yenyewe imeanzia kwenye mgongo wa baba yangu mzazi hapa Kariakoo na ikanifikisha kwa Mmarekani mmoja aliyefariki mwaka 1960, ambaye jina lake mafundi wa dunia nzima wanalijua bila kujua alikuwa nani. Hata mimi nilidhani ni jina la kiwanda.

Iko hivi. Mzee wangu ana miaka 78, pingili za chini za mgongo zimechoka, na kila Jumanne nampeleka Muhimbili kwenye mazoezi ya viungo. Sisi ni wa Mtaa wa Mafia, kwa hiyo safari si ndefu: unashika Msimbazi, unafika Fire, unaingia Barabara ya Umoja wa Mataifa, umefika. Lakini ndani ya gari langu hiyo safari ilikuwa adhabu. Kila tuta mzee anashika mshikio wa juu ya mlango, anafumba macho, halafu ananiambia hamna shida mwanangu, twende. Siku moja tulifika akakaa ndani ya gari kama dakika kumi ndipo akaweza kushuka. Hapo nikasema basi.

Gari ni Corolla 110. Nililinunua kwa kijana mmoja mpenda mbwembwe, alikuwa ameshalishusha: springi zimekatwa kwa grainda, rimu za inchi 17, matairi membamba kama chapati. Nakiri mbele yenu kwamba nililipenda kwa sababu hiyo hiyo. Limekaa chini, limetulia, watoto wa mtaani wanageuka. Tatizo ni kwamba lilikuwa limetulia likiwa limesimama tu. Kona ukiingia na mwendo kidogo linaruka-ruka kwenda pembeni kama chura, ukikanyaga breki pua inazama, na kwenye mashimo unasikia kila kokoto kwenye meno. Yaani gumu kama toroli na bado halishiki barabara.

Nikaenda kwa fundi wa kwanza, jina namhifadhi. Yeye alinieleza kwamba katika maisha unachagua kimoja: gari laini linaloyumba kama mtumbwi, au gari gumu linaloshika kona. Vyote viwili havipatikani kwenye Corolla. Akanipachikia vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya springi ili gari liinuke, akachukua chake. Wiki mbili baadaye mzee alikuwa na hali mbaya kuliko mwanzo.

Fundi wa pili, mtu mzima, yuko maeneo ya Gerezani, hakutaka hata kuniwekea bei. Alisukuma gari chini kwenye kila kona, akaangalia linavyopanda na kushuka, akatikisa kichwa. Alichonieleza ni kwamba siwezi kuilaumu miguu ya hili gari kwa sababu miguu yenyewe haipo tena, iliyopo ni mabaki. Akanituma nikanunue shokapu nne mpya, springi nne za urefu wake wa kiwandani, mauntini za juu, vile vipira vya kuzuia kugonga, na bushi za mikono ya chini. Ndani ya boksi la shokapu kulikuwa na karatasi ya maelekezo, na kwenye karatasi hilo jina: MacPherson. Nikamuuliza fundi ndiyo nani. Akaniambia ni jina la aina ya mguu, basi. Mwenye jina hamjui.

Usiku ule sikulala mapema. Hii ndiyo habari yake.

Earle Steele MacPherson alizaliwa mwaka 1891 huko Highland Park, jimbo la Illinois. Alisoma uhandisi Chuo Kikuu cha Illinois, akamaliza mwaka 1915, akaenda Detroit, mji ambao wakati huo ulikuwa unavuta vijana kama Kariakoo inavyovuta wamachinga. Alianza kwenye kampuni ya magari ya Chalmers. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, akapelekwa Ulaya na jeshi la Marekani akishughulika na injini za ndege.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana jambo hili lilinigusa. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyoupa mtaa wetu jina. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwaka 1916, na wapagazi Waafrika wa jeshi lao, ile Carrier Corps, waliwekwa kambi hapa hapa. Mdomoni mwa watu Carrier Corps ikawa Kariakoo. Yaani wakati babu zetu wanabeba mizigo ya Mwingereza kichwani kwa sababu hakukuwa na gari la kuhimili njia za huku, kijana wa miaka ishirini na kitu yuko Ulaya anafungua injini za ndege, hajui kwamba siku moja kitu chake kitauzwa mtaani kwetu kwenye maboksi. Haya, tuendelee.

Baada ya vita alirudi Detroit akafanya kazi kampuni ya Liberty, halafu Hupmobile mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kampuni zote hizi tatu leo hazipo, zilikufa. Mwaka 1934 akahamia General Motors, kwa wakubwa wenyewe, na huko akapanda ngazi mpaka akawa mkuu wa usanifu upande wa Chevrolet. Miaka hii nairuka haraka kwa sababu alikuwa mhandisi mzuri kama walivyokuwa wahandisi wengine wazuri. Angestaafu hapo tusingekuwa na habari.

Habari inaanza mwaka 1945. Vita ya Pili inaisha, wanajeshi wanarudi nyumbani, na wakubwa wa General Motors wanaogopa uchumi utaanguka kama ulivyoanguka baada ya vita ya kwanza. Wakataka Chevrolet ndogo, ya bei rahisi, ya mtu wa kawaida. MacPherson akapewa uongozi wa mradi. Gari likaitwa Cadet. Masharti yalikuwa magumu: liuzwe chini ya dola 1,000, na uzito usizidi ratili 2,200, yaani karibu kilo 1,000. Kwa Marekani ya wakati ule, ambako gari lilikuwa kama meli, hiyo ilikuwa sawa na kumwambia fundi seremala atengeneze kabati kwa mbao za kiti.

Sasa ukiangalia gari zilivyokuwa, sehemu kubwa ya uzito na gharama ilikuwa kwenye miguu. Gari la kizamani lilikuwa na ekseli nzima kama ya lori: gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linayumba. Magari ya kisasa zaidi ya wakati huo yalikuwa na mikono miwili kila upande mbele, mmoja juu, mmoja chini, springi katikati, shokapu pembeni. Raha ilikuwepo, lakini vipande vilikuwa vingi: bushi nyingi, vyuma vingi, kazi nyingi. Ukitaka kila gurudumu lijitegemee, yote manne, kwenye gari la dola 1,000, hesabu zinakataa.

MacPherson alichofanya ni kuuondoa mkono wa juu. Ukiuondoa, gurudumu linaanguka, si ndiyo? Basi kazi yake akaipa shokapu. Badala ya shokapu kuwa kitu cha pembeni kinachotuliza mtikisiko tu, akaifanya ndiyo nguzo yenyewe. Chini imefungwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu, juu imeshikwa na bodi kwenye ule mnara unaouona ukifungua boneti, na springi imeizunguka. Chini kunabaki mkono mmoja tu. Ukikata usukani, nguzo nzima inazunguka. Kitu kimoja kinafanya kazi tatu: kinabeba, kinatuliza, kinaelekeza.

Hakuanzia hewani. Mtaliano Guido Fornaca wa Fiat alikuwa ameandikisha michoro inayofanana tangu miaka ya 1920. Lakini mchoro kabatini ni kitu kimoja na mguu unaotengenezeka kwa maelfu ni kitu kingine, na hapo ndipo MacPherson alipokuwa bingwa. Pia wakati ulikuwa umefika: magari yalikuwa yanaanza kujengwa bodi na fremu kuwa kitu kimoja, na bodi ya namna hiyo ina mahali imara pa juu pa kushikia nguzo.

Faida yake ndiyo iliyonifanya nikae kitandani nikasoma mpaka saa nane usiku. Kwanza, gurudumu lina nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kwa hiyo unaweza kuweka springi laini. Pili, chuma kinachoruka pamoja na gurudumu ni kidogo, kwa hiyo gurudumu linarudi chini haraka na kushika barabara badala ya kuelea hewani. Mnaona? Ulaini wa mzee na kona za kijana vimo ndani ya mchoro mmoja. Springi kazi yake kubeba. Anayeamua gari liyumbe au lisiyumbe kwa kiasi kikubwa ni shokapu, yaani mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo ndani yake. Springi ya wastani ikiwa na shokapu nzima, unapata raha na kona. Springi iliyokatwa ikiwa na shokapu iliyokufa, hupati hata kimoja. Hilo la pili ndilo lilikuwa gari langu.

Ila tusimsifie mzee kupita kiasi. Mguu wake una ubaya wake. Ile fimbo ya shokapu inabeba mzigo wa pembeni ambao haikuzaliwa nao, kwa hiyo inasuguana na kuchoka. Kelele za barabara zinapanda moja kwa moja kwenye bodi kupitia mauntini ya juu, na mauntini ikipasuka unasikia gari zima linagonga kama kuna mtu ndani ya boneti na nyundo. Na kubwa kuliko yote: kwa kuwa shokapu hapa ndiyo nguzo ya gurudumu, ikichoka hujapoteza raha tu, breki zinaongezeka urefu na usukani unapoteza uaminifu. Watu wengi hapa mjini wanaendesha hivyo miaka wakidhani tatizo ni barabara.

Turudi Detroit. Cadet za majaribio zilitengenezwa, zikaendeshwa, na miguu ilifanya kazi kwenye magurudumu yote manne. Halafu mwezi Mei 1947 wakubwa wakaufuta mradi. Ile hofu ya uchumi kuanguka haikutimia. Watu walikuwa na hela na hawakuwa wameona gari jipya miaka yote ya vita, kila kitu chenye magurudumu kilinunuliwa. Chuma kilikuwa haba. Kuna faida gani kutengeneza gari dogo la bei rahisi wakati kubwa la bei ghali linaisha sokoni?

Jiwekeni kwenye nafasi yake. Ana miaka 55 au 56. Miaka miwili ya kichwa chake imewekwa kabatini. Maombi ya hataza ya ule mguu yalipelekwa mwaka huo huo wa 1947 kwa jina la General Motors, hati ikatoka mwaka 1953, lakini General Motors yenyewe haikuwa na gari la kuuweka. Kwa umri ule wengi wanakaa kimya wanangoja kiinua mgongo. Yeye kabla mwaka haujaisha akaondoka, akavuka mtaa kwenda kwa mshindani, Ford.

Ford wakampokea, na kule nako hakuweza kuutumia mguu wake Marekani. Ilibidi uende Ulaya, ambako watu hawakuwa na hela na petroli ilikuwa ya mgawo, yaani kwa watu wanaofanana kidogo na sisi. Ford ya Ufaransa ilikuwa na gari lililoitwa Vedette, lililooneshwa mwaka 1948, na hilo ndilo linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza sokoni kuwa na nguzo hizo mbele. Lakini kilichoutangaza ni Consul na Zephyr za Ford ya Uingereza, zilizooneshwa London mwaka 1950. Humo kazi ilirahisishwa zaidi: fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona ikapewa na kazi ya kuushika mkono wa chini usiende mbele na nyuma. Kitu kimoja kazi mbili, tena. Huyu mzee angekuwa Mbongo angekuwa na gereji Gerezani, nawaambia.

Mwaka 1952 akawa mhandisi mkuu wa Ford nzima. Mwaka huo huo Lincoln ikawa gari la kwanza la Kimarekani kutumia boljointi kwenye miguu ya mbele, na hiyo nayo ni kazi ya kipindi chake. Kwa hiyo mnapolipa hela ya boljointi, hapo pia yumo. Baadaye akawa makamu wa rais wa kampuni upande wa uhandisi, akastaafu mwaka 1958, na Januari 1960 akafariki. Miaka miwili tu ya kupumzika.

Na hapa ndipo palipo na uchungu. Alipofariki, Detroit hawakuwa na gari hata moja linalotumia mguu wake. Ford ya Marekani ilikuja kuutumia, tena kwa kuubadilisha, kwenye Fairmont ya modeli ya 1978. General Motors, waliokuwa nao kabatini tangu 1947, walisubiri mpaka modeli za mwaka 1980, petroli ilipopanda na Wajapani kuingia na magari madogo yenye mguu ule ule. Toyota walikuwa nao mbele ya Corolla tangu Corolla ya kwanza kabisa mwaka 1966. Na wanaodhani ni mguu wa magari ya kimaskini: Porsche 911 iliyotoka mwaka 1964 ilikuwa na nguzo hizo mbele, BMW walizitumia kuanzia miaka ya 1960 mwanzoni, na Colin Chapman wa Lotus alizipeleka nyuma kwenye Lotus Elite ya mwaka 1957.

Sasa Afrika Mashariki imeingiaje? Hapa nilisaidiwa na mzee mwenyewe. Nilipomsimulia asubuhi, akaniuliza kama hizo ndizo zilizokuwa kwenye Peugeot 404. Nikaangalia: ndizo. Mzee akakaa sawa kwenye kiti. Kumbe nimemgusa penyewe, maana yeye ni wa kizazi cha Safari Rally.

Vijana wasiojua: mbio hizi zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hazikuwa mbio za barabara za lami zenye alama. Vumbi, tope la masika ya Pasaka, mito iliyofurika, mawe. Gari lisilo na miguu lilikuwa linaachwa porini. Mwaka 1955, miaka mitano tu baada ya maonesho ya London, Vic Preston alishinda kwa Ford Zephyr, na MacPherson yuko hai, bosi wa uhandisi Ford. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1964 Ford Cortina ya Peter Hughes. Mwaka 1966 na 1967, mzee alipofika hapa alipiga paja, Peugeot 404 ya Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Dar es Salaam, na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza saba tena, na Nowicki na Cliff wakashinda tena na 404 yao.

Endelea. Mwaka 1969 Ford Taunus, 1970 Datsun 1600 SSS, 1971 na 1973 Datsun 240Z, ambayo ilikuwa na nguzo mbele na nyuma kama ile Cadet iliyokufa. Mwaka 1972 Ford Escort ya Hannu Mikkola, 1974 na 1976 Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh, 1975 Peugeot 504, 1977 Escort tena. Zote hizi mbele zina mguu wa MacPherson. Najua kuna mdau hapo anataka kuniletea Volvo ya Joginder ya mwaka 1965. Sawa, ile ilikuwa na mikono miwili, nakukubalia. Moja.

Mtu aliyeambiwa gari lake dogo halina maana, mguu wake ukaja kushinda mbio ngumu kuliko zote kwenye njia zetu hizi za Morogoro na Mbulu, na yeye mwenyewe hakukanyaga huku. Nilipoliwaza hilo nikaona aibu kidogo juu ya zile springi zilizokatwa kwa grainda.

Jumamosi nikarudi Gerezani na maboksi. Niliangalia kazi mwanzo mpaka mwisho. Fundi alibana springi kwa vibanio viwili vya skrubu kwanza, ndipo akagusa nati ya juu. Akanionya kwamba nati ile ukiifungua springi ikiwa haijabanwa, inaruka na inaua, na vijana wengi wanacheza nayo. Shokapu ya nyuma kushoto ilipotoka, aliisukuma fimbo ndani kwa kidole ikabaki humo humo, haikurudi. Mafuta yote yalishavuja kitambo, sili imekwisha. Vile vipira vya kuzuia kugonga vimekuwa unga. Maana yake kila tuta la Msimbazi lilikuwa linagonga chuma kwa chuma, na kutoka chuma kwenda kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti kwenda kwenye mgongo wa mzee. Kwa sababu springi ilikatwa, fimbo haikuwa na nafasi ya kutembea, ndiyo maana shokapu zilikufa mapema.

Mimi nilichagua shokapu za gesi zenye ukaza kidogo kuliko za kawaida, lakini springi za urefu wake. Gesi ile inazuia mafuta yasitoe povu gari likipita mashimo mfululizo, kwa hiyo shokapu hailegei katikati ya safari. Fundi alikubali hilo, ila alikataa katakata rimu zangu za inchi 17. Nikazivua kwa shingo upande, nikarudi kwenye 14 zenye tairi nene pembeni, maana lile tairi nalo ni springi. Jambo jingine ambalo sikulijua: bushi za chini hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alizishikiza tu, akateremsha gari likakaa kwa uzito wake, ndipo akakaza. Ukizikaza gari likining'inia, mpira unabaki umejipinda siku zote na unapasuka mapema. Mwisho tukaenda kupima wili alaimenti Ilala.

Bei sitaidanganya, kwa zile za mtumba ningelipa chini ya nusu. Lakini shokapu ya mtumba huoni ndani, na boksi zuri nalo si ushahidi, kwa hiyo nunueni mahali mtakapoweza kurudi na risiti mkononi.

Gari limeinuka, watoto wa mtaani hawageuki tena. Kwenye kona ya Fire sasa linaingia na kutoka bila kuruka, kwa mwendo ambao zamani ningeshikilia usukani kwa mikono miwili na dua. Ni gumu kidogo kuliko Corolla ya mwalimu mstaafu, na kwangu hapo ndipo penyewe.

Jumanne iliyofuata nilimchukua mzee kama kawaida. Tuta la kwanza mkono wake ulipanda kwenye mshikio wa mlango kwa mazoea, tuta la pili ukapanda, la tatu ukabaki magotini. Njia nzima alikuwa ananirekebisha majina ya madereva wa mwaka 1968. Alipomaliza mazoezi yake na tumeshatoka getini Muhimbili, nikawa nakunja kurudi Fire, akaniambia nisikate huko kwanza, nishike upande wa Salenda tuzunguke baharini, kwani nyumbani kuna nini.

Bushi za mikono ya nyuma bado sijabadilisha, hela ilikata. Mwenye uzoefu nazo kwenye 110 atuambie hapo chini zinadumu muda gani. Nawasilisha.